Duka la Vitabu Lenye Pa Kuketi: Usanifu wa Ndani wa Duka la Vitabu na Mahali pa Kazi katika Burat, Isiolo

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna chumba kimoja cha kupanga katika wadi ya Burat, Kaunti ya Isiolo, kinavyoweza kupangwa ndani ili kiwe duka la vitabu na, wakati uo huo, mahali ambapo mtu anaweza kuketi akasoma, akaandika au akafanya kazi yake ya kipakatalishi. Hoja kuu ni kwamba duka la kaunta, ambalo wengi wetu tulilikuta katika miji midogo ya Kenya, lilisanifiwa kwa ajili ya mnunuzi aliyekwisha kujua anachokitaka. Mnunuzi huyo amepungua. Anayebaki ni msomaji asiyejua bado anataka nini, naye hawezi kuhudumiwa na chumba kisichokuwa na kiti. Tunatumia ushahidi wa maneno, mpangilio wa nyumba ya mwambao, na vipimo halisi vya chumba.

1. Utangulizi

Mwandishi wa makala haya ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na kwao ni Burat. Katika likizo ndefu ya mwaka jana alirudi nyumbani akiwa na sura mbili za tasnifu zisizokamilika, kipakatalishi kinachoishiwa na moto baada ya saa mbili, na matumaini kwamba atapata mjini Isiolo meza moja tu ya kufanyia kazi. Hakuipata. Palikuwa na kibanda cha mtandao ambacho hulipiwa kwa dakika, na ambamo mtu asiyechapisha wala kupiga nakala huambiwa kwa upole ampishe mwingine. Palikuwa na mikahawa ambamo chai ikiisha, kuketi nako kumeisha. Na palikuwa na duka la vitabu.

Duka lenyewe ndilo lililozaa makala haya. Mteja akiingia, hupiga hatua mbili tu akakutana na kaunta ya mbao iliyowekewa wavu wa chuma hadi juu. Nyuma ya wavu mna rafu zilizojaa hadi darini, na migongo ya vitabu imefifia kwa vumbi kiasi kwamba mada hazisomeki kwa mbali. Muuzaji huuliza, "Unataka kitabu gani?" Swali hilo ni la adabu kabisa, lakini linadai mengi. Linadai mteja awe na jina la kitabu kinywani kabla hajakiona. Niliomba kuona riwaya za Kiswahili. Nikaulizwa, "Gani?" Nikasema yoyote. Muuzaji akanitazama kama mtu aliyeingia katika duka la dawa akaomba dawa yoyote.

Simlaumu. Duka lake lilijengwa hivyo kwa sababu nzuri. Kwa miaka mingi mteja wake alikuwa mzazi aliyeshika karatasi kutoka shuleni, na kazi ya duka ilikuwa kuisoma karatasi hiyo, kutoa vitabu, kuhesabu pesa na kumpisha anayefuata. Kaunta na wavu ni usanifu unaoifaa orodha. Lakini orodha yenyewe imepungua nguvu. Kuanzia Januari 2018 Serikali ya Kenya ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni bila kupitia madukani. Kabla ya hapo, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kuvitoza vitabu asilimia 16. Mwenye duka akabakiwa na vitabu vya marudio, madaftari, kalamu, na vitabu teule vya fasihi. Katika mtihani wa kidato cha nne, vitabu hivyo ni kama vile Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, vilivyochukua nafasi ya Chozi la Heri na Kigogo. Kitabu teule nacho huishi kwa ratiba: kikiondolewa katika silabasi, nakala zilizosalia nyuma ya wavu hugeuka kuwa mzigo.

Swali basi si la mapambo. Swali ni iwapo mji kama Isiolo, na hasa eneo la pembeni kama Burat, unaweza kuwa na duka la vitabu litakaloishi bila orodha ya shule. Jibu langu ni kwamba unaweza, kwa sharti kwamba kuketi ndani ya duka kuwe jambo halali sawa na kununua.

2. Ushahidi wa maneno

Wanafunzi wa isimu watanisamehe nikianza na etimolojia kabla ya kuchukua futikamba. Neno kitabu limetokana na mzizi wa Kiarabu wa konsonanti tatu, k-t-b, wenye maana ya kuandika. Katika mzizi huo huo tunapata katibu, katiba, na maktaba. Sisi tumelibana neno maktaba likawa mahali pa kuazima vitabu tu. Katika Kiarabu, maktaba ni jumba la kuazimia vitabu na pia ni duka la kuviuzia. Kuna na neno ndugu yake, maktab, ambalo ni meza ya kuandikia, na ni ofisi vilevile. Kwa hivyo kitu ambacho leo wasanifu wa majiji wanakitangaza kama uvumbuzi, yaani kuchanganya duka la vitabu na ofisi, kilikuwa kimekaa kimya ndani ya familia moja ya maneno.

Duka nalo lina habari. Asili yake ni dukkan, na kamusi za kale za Kiarabu hulieleza neno hilo kwa maana mbili: mahali pa biashara, na benchi pana lililojengwa kwa mawe au matofali kandokando ya ukuta. Yaani muuzaji aliketi juu ya kitu kile kile kilichokuja kuitwa duka. Kiswahili kililipokea neno hilo likiwa limekwisha kupoteza kiti chake. Hata hivyo mwambao ulikuwa na neno jingine la benchi la ukutani, nalo ni baraza. Hilo lilisafiri njia tofauti: kutoka kiti cha mawe mbele ya nyumba, likawa watu wanaoketi pale kushauriana, kisha likawa chombo rasmi kama vile Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967. Kiti kilizaa mazungumzo, na mazungumzo yakazaa taasisi.

Sidai kwamba etimolojia inathibitisha mpango wa biashara. Mtu anaweza kufilisika akiwa anajua mizizi yote ya Kiarabu. Ninachosema ni kwamba tunapotafuta istilahi ya jambo hili hatuhitaji kubuni neno refu la kutafsiri dhana ya kigeni. Tunaweza kusema duka la vitabu lenye baraza, na mkazi wa Isiolo atatuelewa bila maelezo, maana baraza la chifu analijua tangu utotoni.

3. Nyumba ya mwambao kama kielelezo

Wasomaji wa Al-Inkishafi wanaikumbuka picha ya madaka yaliyopangwa vyombo vya kauri katika majumba ya Pate, ambayo baada ya maangamizi yamekuwa viota vya ndege. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuhitaji kueleza kwa urefu kwamba utajiri umekwisha. Alituonyesha ukuta wa ndani, tukaelewa. Nafikiri sisi wanafunzi wa fasihi tumekuwa tukiichambua picha hiyo kama sitiari peke yake, tukasahau kwamba ni maelezo sahihi ya samani iliyojengwa ndani ya ukuta.

Zidaka za nyumba za mawe za Lamu na Pate ni mashubaka madogo madogo yaliyochongwa katika chokaa, safu juu ya safu, ya kuwekea vyombo vya thamani. Kila kidaka hubeba kitu kimoja au viwili, nacho hutazama mbele. Hilo ni kinyume cha rafu ya duka la kaunta, ambamo vitabu vimebanwa kama magunia ya mahindi. Atakayeuza kitabu kwa msomaji asiyekijua hana budi kuiga kidaka: aonyeshe jalada, si mgongo.

Jambo la pili ni mfuatano wa nafasi. Katika nyumba ya namna hiyo mgeni hukutana kwanza na daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye mabenchi ya pande mbili. Hapo mgeni wa kawaida huishia. Ndani kuna ua, kisha misana, na mwisho kabisa chumba cha ndani. Kadiri mtu anavyosonga ndani ndivyo kelele inavyopungua na ndivyo haki yake ya kuwapo inavyohitaji sababu. Mpangilio huu unafaa mno kwa chumba kinachotaka kuwahudumia mpita njia, mnunuzi na mwandishi kwa pamoja. Mpita njia hupata benchi nje bila kuulizwa. Mnunuzi hupata nusu ya mbele. Mwandishi hupata nusu ya nyuma, na hapo ndipo utulivu unapolindwa.

Ni lazima niweke tahadhari hapa. Baraza la mwambao lilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, mahali pa wanaume. Tukilihamisha hadi Burat bila kufikiri, tutapata benchi lililojaa wanaume wanaozungumza siasa na bei ya mbuzi, na msichana wa kidato cha tatu aliyekuja kutafuta kitabu atapita moja kwa moja kana kwamba hakukusudia kuingia. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo lililonisumbua zaidi nilipokuwa nikichora.

Kuna mfano mwingine ulio karibu nasi kuliko Lamu. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, ambayo baadaye ilienea hadi Wajir. Walioisifu walimtaja ngamia. Mimi huvutiwa na mzigo: pamoja na masanduku ya vitabu, msafara ulibeba hema. Waliouanzisha walijua kwamba katika kaskazini kavu kitabu bila kivuli cha kuketi ni nusu ya huduma. Nako Dar es Salaam, Soma Book Café imeunganisha kwa miaka mingi duka la vitabu, mkahawa na mikutano ya wasomaji na waandishi. Pale, hata hivyo, kuna jiji kubwa lenye vyuo, wachapishaji na wasomaji waliozoea kununua. Burat haina hivyo, na kuiga mfano wa jiji kwa ukamilifu wake itakuwa ni kujidanganya.

4. Chumba chenyewe

Tuchukue chumba cha kawaida katika safu ya maduka ya kupanga: upana mita 4.2, urefu mita 9, kuta za mawe, sakafu ya saruji, paa la mabati, mlango mmoja wa chuma mbele. Nimekipima kimoja cha namna hiyo kwa futikamba ya fundi na vipimo vinavyofuata vinakihusu.

Joto ndilo adui wa kwanza. Isiolo iko karibu kabisa na Ikweta, kaskazini yake kidogo tu, mahali ambapo nyanda za juu za Meru zimekwisha kushuka kuelekea nchi kavu. Chini ya mabati yasiyo na dari, saa nane mchana, hakuna anayesoma aya mbili akazielewa. Dari ya ubao laini yenye nafasi ya hewa juu yake, pamoja na matundu yenye wavu katika pembetatu za ukuta chini ya paa, huacha hewa moto itoke kabla haijashuka. Mabati yakipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale. Dari hiyo hupunguza pia kishindo cha mvua, na mtu aliyewahi kujaribu kuzungumza chini ya mabati katika mvua za Novemba anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Karibu na Ikweta jua huchomoza mashariki na kutua magharibi kwa namna inayozipiga kuta za pande hizo mwaka mzima, asubuhi na jioni, likiwa chini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupigwa kwa zamu, na kwa pembe ya juu inayozuilika kwa ukingo wa paa. Kwa hivyo mwenye uhuru wa kuchagua achague chumba ambacho madirisha yake yanatazama kaskazini au kusini. Asiye na uhuru huo, na wapangaji wengi hawana, aweke rafu kwenye ukuta ambao miale haiufikii. Jua hufifisha rangi nyekundu na ya manjano ya jalada upesi sana, na kitabu kilichofifia hudhaniwa kuwa kimetumika.

Adui wa pili ni mchwa. Mchwa hupanda kwa njia za udongo anazozijenga gizani, na rafu iliyogusa ukuta na sakafu humpa njia isiyoonekana. Rafu isimame juu ya miguu ya chuma ya sentimita 15, na iachwe sentimita 5 kutoka ukutani, ili njia yoyote ya udongo ionekane wakati wa kufagia. Nimewahi kuona sanduku zima la magazeti ya zamani likiwa limebaki ganda la nje, na ndani udongo mtupu. Vumbi ni adui wa tatu, na halina dawa kamili. Mlango usitazamane na rafu, pazia zito litundikwe, na kitambaa kikavu kipitishwe kila asubuhi.

Sasa rafu. Ukuta mmoja mrefu upewe rafu za kina cha sentimita 25 kwa urefu wa mita 7: mita 4 katika nusu ya mbele na mita 3 katika nusu ya nyuma. Zikiwa sita kwenda juu, kila moja ikiachiwa nafasi ya sentimita 28, rafu ya juu kabisa itakaa takriban sentimita 165 kutoka sakafuni, kimo ambacho mtu mzima wa wastani hufikia bila ngazi. Ubao wa unene wa sentimita 2 usiachwe bila nguzo kwa zaidi ya sentimita 80, la sivyo utapinda. Riwaya ya kurasa 200 ina unene unaokaribia sentimita moja na nusu. Tukiacha nafasi ya vidole, mita moja hubeba vitabu 60. Rafu tano za mita 7 kila moja zitabeba vitabu 2,100 vilivyosimamishwa kwa migongo.

Na ile ya sita? Hiyo ndiyo safu ya zidaka. Iwekwe kwenye kimo cha macho, na kila kitabu kitazame mbele. Kitabu cha ukubwa wa kawaida wa riwaya kina upana wa sentimita 14 au 15, hivyo mita moja hubeba majalada yasiyozidi saba, na safu nzima majalada 49. Mwenye duka mwenye haraka ataona kwamba nimemnyang'anya nafasi ya vitabu zaidi ya 300. Ni kweli. Lakini ndiyo safu pekee inayojibu swali la mtu aliyesema "yoyote".

Katikati ya nusu ya mbele kuwe na rafu mbili zenye magurudumu, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 120, kina cha sentimita 50 kwa pande mbili, na kimo kisichozidi sentimita 130. Kimo hicho kina sababu mbili. Kwanza, muuzaji aliyeketi karibu na mlango anaweza kuona vichwa vya wateja wote, na hivyo wavu wa chuma hauna kazi tena. Watu huuliza kuhusu wizi kabla ya kuuliza kuhusu vitabu. Jibu ni kwamba jicho linalofika kila pembe hulinda vizuri kuliko wavu, na halimwambii mteja kwamba anashukiwa. Pili, rafu fupi husukumika. Jioni ya kusoma mashairi au ya kujadili tamthilia, rafu hizo husogezwa ukutani na nusu ya mbele ikawa ukumbi. Fundi aonywe mapema kuhusu uzito: vitabu vya rafu moja ya namna hii, ikiwa na safu nne kila upande, hukaribia kilo 150 kabla ya kuhesabu mbao, kwa hivyo magurudumu ya viti vya ofisi yatavunjika. Yatafutwe magurudumu manne ya chuma na mpira, mawili yakiwa na breki.

Ukuta unaokabili rafu ndefu, katika nusu ya nyuma, ndio mahali pa kazi. Meza ya ukutani yenye kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 74, urefu wake mita 5, hutosha watu sita, kila mmoja akiwa na sentimita 80 za viwiko vyake. Tuhesabu upana: mita 4.2, ukiondoa rafu pamoja na nafasi yake sentimita 30, meza 60, na kiti kilichovutwa nyuma 70, husalia mita 2.6. Katika nusu ya mbele, ambako meza hizo haziko, rafu za magurudumu zinapata nafasi tele ya kupita pande zote mbili, hata kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Meza ikatwe vipande na kufungwa bawaba, ili siku ya mkutano iangushwe ukutani.

Soketi ziwe juu ya meza, si chini yake, na zifungwe na fundi aliyesomea. Waya wa kuunganishia uliolala sakafuni katika chumba kilichojaa karatasi ni hatari nisiyoweza kuifanyia mzaha. Pale ambapo umeme hukatika, paneli moja ya sola na betri vitatosha taa na kuchaji vipakatalishi vichache. Feni itasubiri umeme urudi.

Kuhusu rangi, mapambo na picha za waandishi ukutani sina la kusema. Chokaa nyeupe inatosha.

5. Nani ataketi, na kwa malipo gani

Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na sokoni watu hawa wote hukutana katika Kiswahili. Tangu lami ya barabara ya kuelekea Marsabit na Moyale ilipokamilika katika miaka ya 2010, wamekuja pia madereva, mawakala, maafisa wa miradi na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni. Burat, iliyo katika eneo bunge la Isiolo Kaskazini, ina wafugaji, wakulima wadogo, na wanafunzi wanaorudi likizo kama nilivyorudi mimi. Ni makosa kuwaza kwamba hawa wote ni wateja wa riwaya. Mmoja atataka kujaza fomu ya kazi. Mwingine atataka kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake mbali na kelele za nyumbani. Wa tatu atataka kuandika ombi la basari. Hawa ndio watakaolipa kodi ya chumba, na katika kulipa huko watakaa siku nzima wakitazamana na ukuta wa vitabu.

Nimebishana na wenzangu kuhusu malipo. Baadhi yao walipendekeza saa ihesabiwe kama katika vibanda vya mtandao. Nalikataa wazo hilo kwa sababu nimekwisha kuketi chini ya saa ya namna hiyo, na mtu hawezi kufikiri huku akihesabu. Napendelea kiwango kimoja cha nusu siku, kisichozidi bei ya chakula cha mchana cha kawaida, na mwanafunzi aliyevaa sare asilipe chochote baada ya saa kumi. Anayenunua kitabu siku hiyo naye asilipie kiti. Benchi la nje lisilipiwe kamwe.

Chai iuzwe, ila inywewe barazani na katika nusu ya mbele pekee. Wapo watakaosema kwamba huu ni ukali wa mkutubi. Kikombe kimoja kikimwagika juu ya kitabu kipya huondoa faida ya vikombe vingi, na katika hesabu hii mimi niko upande wa kitabu.

Limebaki suala la msichana wa kidato cha tatu. Katika mchoro wangu wa kwanza niliweka benchi pande zote mbili za mlango, kama daka la Lamu. Nilipomwonyesha shangazi yangu, aliyeuza mboga sokoni miaka mingi, aliutazama akauliza, "Na sisi tutapita wapi?" Nikasema mlangoni. Akasema, "Katikati ya macho yote hayo?" Nikafuta benchi moja. Sasa benchi la nje liko upande mmoja tu, limesogezwa mita 2 kutoka mlangoni, na limegeuzwa kutazama barabara badala ya kutazama mlango. Kiti cha muuzaji kiko ndani, upande usio na benchi, ili sura ya kwanza anayokutana nayo anayeingia iwe ya mwenye duka. Katika meza ya nyuma, viti viwili vya mwisho vimetengwa kwa ubao wa kimo cha bega, na havionekani kutoka barabarani. Havina maandishi ya kusema ni vya nani. Shangazi alisema hivyo vitajulikana vyenyewe.

Mchoro huo sasa uko kwa fundi, na mwenye nyumba amekubali kutoboa matundu ya hewa kwa sharti kwamba gharama iwe yetu. Vitabu vya Kiswahili vya kuanzia vitatoka Nairobi, takriban kilomita 285, kwa gari la abiria, katoni mbili kwa kila safari. Kazi iliyosalia kwangu ni ya kifasihi hasa, nayo naileta mbele ya wanachama na walimu wetu: ni vitabu gani 49 vitazame mbele? Nimejiwekea masharti mawili, kwamba kisiwepo kitabu teule cha mwaka huu, kwa kuwa hicho kitaulizwa hata kikifichwa, na kwamba angalau kumi viwe vya watoto, viwekwe mwisho wa safu ulio karibu na mlango na vishushwe hadi kimo chao. Hadi ninapoandika, orodha yangu imefika 31. Walio na mapendekezo wayatume kwa mhariri, na kila pendekezo liambatane na sentensi mbili ambazo muuzaji anaweza kumwambia mtu aliyesema anataka kitabu chochote.